Duxford, Kwa Mafundi wa Spitfire

Kutoka Cambridge hadi Duxford si mbali. Unashika barabara ya kusini, mashamba ya ngano kulia na kushoto, na kabla hujakaa sawasawa kitini unayaona mabanda makubwa ya ndege yamejipanga kando ya njia. Aliyekuwa akiendesha ni mtoto wa shangazi yangu, muuguzi aliyeishi Cambridge miaka mingi bila kuwahi kukanyaga pale. "Kaka, yaani umepanda ndege usiku kucha kutoka Dar es Salaam ili uje kutazama ndege?" aliniuliza. Nikamwambia asubiri, atanielewa kabla jua halijazama.

Nimekulia katika nyumba ambamo ndege zilizungumzwa mezani. Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa fundi katika uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, enzi za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Alitufundisha kuitazama ndege kwa jicho la kazi: nani kaikaza nati hii, nani kaikagua, nani katia saini. Kwa hiyo niliposoma kwamba Uingereza kuna watu ambao bado wanarusha ndege za kivita za miaka ya 1930 na 1940, na kwamba gharama zinawaelemea mwaka hata mwaka, nilitaka kuwaona mafundi hao kwa macho yangu.

Duxford ni uwanja wenye historia yake. Hapa ndipo kikosi cha 19 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilipopokea ndege ya kivita ya Spitfire ya kwanza kuingia kazini, tarehe 4 Agosti 1938. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto mwaka 1940, ndege za hapa zilikuwa miongoni mwa zile zilizopanda kuwazuia washambuliaji wa Kijerumani. Leo uwanja uko chini ya makumbusho ya Imperial War Museums, na mabanda yake yamejaa ndege za kila namna, hata Concorde. Nyingi zimesimama na hazitaruka tena. Lakini zipo ambazo bado zinatolewa nje, zinawashwa na kupaa, na kwenye banda la hizo ndiko nilikoelekea kwanza.

Mle ndani kuna harufu ya oili, petroli na rangi mbichi. Spitfire moja ilikuwa imevuliwa mabati ya pua na injini yake ya Merlin iko wazi: silinda 12 katika safu mbili, ujazo wa lita 27, mabomba mafupi ya moshi yakitokeza ubavuni. Chini yake waliweka trei ya kukingia matone ya oili. Mzee mmoja mwenye ovaroli ya buluu alikuwa amechuchumaa chini ya bawa, tochi mkononi, akipitisha kidole polepole kwenye mstari wa ribiti. Alikuwa akiitafuta ile moja iliyolegea. Ribiti ikianza kucheza husagana na bati, ikaacha vumbi jeusi pembeni yake, na fundi mzuri huliona vumbi hilo kabla bati halijapasuka. Nilisimama kimya hadi alipofika mwisho wa mstari.

Nilipomwamkia na kumwambia nimetoka Tanzania, alifungua kamba ya wageni akaniita kwenye meza ya kazi. Palikuwa na kipande cha mhimili wa bawa kilichokatwa ili watu waone tumbo lake. Mhimili mkuu wa Spitfire umeundwa kwa mirija ya mraba iliyochomekwa mmoja ndani ya mwingine: mingi kwenye shina la bawa, michache kadiri unavyoelekea nchani, ili nguvu ikae panapohitajika na uzito usizidi. Ni ufundi wa akili nyingi. Lakini unyevu ukipenya kati ya mrija na mrija, chuma huanza kuliwa mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo sababu ndege nyingi zinazofufuliwa huwekewa mihimili mipya kabisa.

Mzee huyu alistaafu kwenye ndege za abiria, akaja hapa kujitolea. Halipwi. "Tulikuwa wanne kwenye kikundi chetu tunaoijua injini hii ndani nje," aliniambia. "Tumebaki wawili, na mwenzangu ana miaka 81." Pembeni yetu msichana wa miaka ishirini na kidogo alikuwa akikunja bati la aluminiamu juu ya kalibu ya mbao, anagonga, anapima, anagonga tena. Mzee alimtazama muda mrefu bila kumwingilia. Alisema kumpata yule ilikuwa kazi kubwa kuliko kupata injini, na sioni sababu ya kutomwamini.

Kisha tukaja kwenye hesabu. Spitfire ikienda mwendo wa kawaida hunywa karibu lita 180 za petroli kwa saa, na petroli ya ndege Uingereza inachezea pauni 2 kwa lita. Hayo ni madogo. Merlin ikifikisha saa 500 hivi za kazi hufunguliwa yote, na kuitengeneza upya kunazidi pauni 100,000. Weka bima, kodi ya banda, ada za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, malipo ya wakaguzi wenye leseni. Na ndege hizi haziruki kila siku. Hupaa saa chache kwa msimu, mvua ya Kiingereza ikiruhusu, hivyo kila saa ya angani hubebeshwa gharama za miezi ya kukaa bandani.

Kinachopandisha bei zaidi ni kwisha kwa akiba. Merlin ziliundwa zaidi ya 150,000, Uingereza na katika viwanda vya Packard kule Marekani, kwa sababu injini hiyohiyo ilivuta Spitfire, Hurricane, Mosquito, Lancaster na Mustang. Vita ilipokwisha, maghala yalibaki na spea zisizo na mwenyewe, na kwa miongo mingi mafundi waliishi kwa masalia hayo. Sasa maghala ni matupu. Kifaa kilichofyatuliwa kwa maelfu mwaka 1943 leo kinachongwa kimoja, na mnunuzi analipia mchoro, kalibu, chuma na muda wa fundi peke yake. Mapangaboi ya mbao ya ndege nyingi za aina hii yanatengenezwa Rosenheim, Ujerumani. Nilifurahi kulisikia hilo. Watoto na wajukuu wa waliopigana wanauziana vipuri ili chombo kilichowapiganisha wazee wao kiendelee kuruka salama.

Kuna swali ambalo wapenzi wa ndege hizi hawachoki kubishania: iliyofufuliwa ni ileile? Chukua Spitfire yenye namba N3200. Tarehe 26 Mei 1940 iliruka kwenda Dunkirk ikiwa na Geoffrey Stephenson, kamanda wa kikosi cha 19, ikapigwa na kutua kwa tumbo ufukweni karibu na Calais. Mchanga ukaimeza hadi mwaka 1986 ulipoifunua. Ikajengwa upya, ikaruka tena mwaka 2014, na mwaka uliofuata tajiri aliyegharimia kazi hiyo akaikabidhi kwa makumbusho, hapahapa Duxford. Mwenzake, P9374, naye alitolewa kwenye mchanga wa Calais; mwaka 2015 aliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 3.1, pesa zikaenda kwenye hisani. Chuma cha N3200 kilichokaa mchangani miaka 46 hakiwezi kubeba mtu angani, kwa hiyo sehemu kubwa ya ndege hiyo ni mpya. Wapo wanaosema huo ni mfano, si ndege yenyewe. Mimi nimeegemea upande wa mafundi: kilichohifadhiwa pale ni namna ya kuifanya kazi ile, na kazi haihifadhiki bila kufanywa.

Mchana wakaanza kuzitoa nje. Spitfire ikiwa ardhini pua yake ndefu humziba rubani asione mbele, kwa hiyo huiendesha akipinda kushoto na kulia ili achungulie pembeni. Wala hana muda wa kupoteza. Radieta zimefichwa chini ya mabawa, hazipati upepo wa kutosha ndege ikiwa chini, na dakika chache za kusubiri zinatosha kuchemsha injini. Uwanja mzima unajua: Spitfire ikishawashwa, ipisheni. Ilipochochewa mwisho wa njia ya kurukia, nyasi zikalala nyuma yake, mkia ukanyanyuka, na kabla sijageuza shingo ilikuwa imeshakunja miguu. Ngurumo yake ilinipita kifuani. Wazungu wazee waliokuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja walisimama wote, na baba mmoja alimbeba mwanawe mabegani bila kuondoa macho juu.

Binamu yangu alikuwa ametulia tuli. Nilidhani ni ndege iliyomgusa, kumbe alikuwa akiwatazama waliobaki chini. "Kaka," alisema, "hawa wazee wanaotambaa chini ya mabawa, magoti yao yamekwisha. Nawahudumia wodini watu wa umri huu. Nani atalala chini ya ndege miaka kumi ijayo?" Katika yote niliyoyasikia Duxford, hilo ndilo lililobaki nami.

Watu hawa hurithishana kazi hii hadi majumbani. Spitfire ML407, ambayo siku ya D-Day, 6 Juni 1944, iliangusha ndege ya kwanza ya Kijerumani juu ya fukwe za Normandi, ilifufuliwa na mhandisi Nick Grace. Alipofariki mwaka 1988, mkewe Carolyn hakuiuza. Alijifunza kuirusha mwenyewe na akairusha kwenye maonyesho kwa miaka mingi; alifariki mwaka 2022. Ndege yake ina viti viwili, na aina hiyo sasa ndiyo inayoingiza kipato: abiria hulipa karibu pauni 3,000 kwa nusu saa hivi, baada ya kutia saini kwamba ameelewa ndege hii haifikii viwango vya ndege za biashara. Wapo wanaonung'unika kwamba ndege ya mashujaa imegeuzwa teksi. Manung'uniko hayo hayalipi mkaguzi wala hayachongi pangaboi. Acha wenye uwezo wapande, mradi pesa ifike kwenye meza ya yule msichana anayekunja mabati.

Pesa haitatui yote. Merlin na wenzake wanahitaji petroli yenye oktani ya juu, na oktani hiyo hupatikana kwa kutia kemikali yenye madini ya risasi. Bila hiyo, petroli hulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda na kuvunja pistoni. Risasi hiyo ni sumu, na huwaumiza watoto zaidi. Umoja wa Ulaya umeiweka kemikali hiyo kwenye orodha ya vitu visivyotumika bila kibali maalumu, na Marekani imejiwekea lengo la kuachana nayo ifikapo mwisho wa mwaka 2030. Mafuta mbadala yapo na mengine yanajaribiwa. Siwezi kuwalaumu wanaotaka iondoke. Hata ndege niipendayo haina haki ya kumwagia mtoto sumu.

Vilevile haina haki ya kumwangukia mpita njia. Tarehe 22 Agosti 2015, kwenye onyesho la Shoreham, kusini mwa Uingereza, ndege ya kivita ya jeti aina ya Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko wake ikaanguka kwenye barabara kuu. Watu 11 walikufa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ndani ya ndege. Tangu hapo sheria za maonyesho zimekazwa, ada zimepanda, na watazamaji wanasimama mbali zaidi. Duxford bado husikia watu wakilalamikia masharti hayo. Yule mzee wa ovaroli hakulalamika. Alisema tu kwamba kila karatasi aliyoongezewa ameijaza.

Mwaka huohuo wa 2015 ulikuwa wa mwisho pia kwa Vulcan XH558, ndege kubwa ya kurusha mabomu ya enzi za Vita Baridi. Wapenzi wake waliirudisha angani mwaka 2007 kwa michango ya umma, na kuirusha kuligharimu takriban pauni milioni 2 kila mwaka. Watu walichanga, wengine kutoka kwenye pensheni zao. Mwaka 2012 injini zake mbili ziliharibika kwa mkupuo baada ya kumeza mifuko ya chembechembe za kunyonya unyevu iliyosahauliwa kwenye njia ya hewa. Wakachanga tena. Kilichoimaliza ni kwamba makampuni yenye michoro na ujuzi wa ndege ile yaliona wanaoijua wanapungua, yakaacha kuidhamini. Oktoba 2015 ikatua mara ya mwisho. Hakuna mchango unaonunua dhamana ya mhandisi aliyekwishastaafu.

Kutoka Duxford tulikwenda Old Warden, kaunti ya Bedfordshire, kwenye mkusanyiko wa Shuttleworth. Mama mmoja, Dorothy Shuttleworth, aliuundia mfuko wa udhamini mwaka 1944 kwa kumbukumbu ya mwanawe wa pekee, Richard, aliyekufa akirusha ndege ya jeshi mwaka 1940. Uwanja ni wa nyasi, mdogo, na ndege zake ni za tangu Blériot ya 1909. Nilikuwa na hamu ya kuiona Gloster Gladiator, ndege ya kivita ya mabawa mawili iliyovishwa kitambaa. Zinazoruka duniani zimebaki mbili tu, hii na moja ya Duxford. Kitambaa hicho hupakwa dawa ya kukikaza tabaka baada ya tabaka, na ukikigusa kwa ukucha kinalia kama ngoma.

Gladiator ina uhusiano na kwetu. Mwandishi Roald Dahl, kabla dunia haijamjua kwa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, Dar es Salaam. Vita ilipoanza mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga, akajifunzia urubani hapo kwenye Tiger Moth, na Septemba 1940 akaanguka na Gladiator katika jangwa la Afrika Kaskazini, nusura afe. Binamu yangu, ambaye vitabu hivyo aliwasomea wanawe, aliizunguka ile ndege polepole. Aliuliza rubani alijikinga na nini. Tukaonyeshwa kioo na kitambaa.

Niliyatafuta ya kwetu zaidi huko Weybridge, kwenye makumbusho ya Brooklands, penye VC10 ya kifalme ya Sultani Qaboos wa Oman, iliyofikishwa hapo mwaka 1987. Vickers waliziunda VC10 hapohapo Weybridge, kwa ajili ya viwanja vya joto na miinuko kama Nairobi, na ya kwanza iliruka mwaka 1962. Mzee wa kujitolea aliyekuwa mlangoni aliniuliza natoka wapi. Niliposema Tanzania, macho yalimwangaza. "Basi ya mwisho kuundwa ilikuwa yenu," alisema. "5H-MOG."

Ni kweli tupu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa na Super VC10 tano. Moja, 5X-UVA, ilianguka Addis Ababa mwaka 1972 na kuua watu 43. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika likafa, zile nne zilizobaki zilirudi Uingereza, jeshi likazinunua na kuzigeuza za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Zikawa ndege za kijeshi. Zilihudumu Vita vya Ghuba vya 1991, zikaendelea hadi 2013. Septemba mwaka huo 5H-MOG, ikiitwa ZA150, ilitua Dunsfold, si mbali sana na Weybridge, kwa ajili ya kuhifadhiwa. Siku iliyofuata, tarehe 25, ZA147 iliruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani. Nayo ilizaliwa 5H-MMT, yaani ya Tanzania.

Mzee yule alinisimulia kwamba kwa miaka baada ya hapo wapenzi wa ZA150 walikuwa wakikutana kuwasha injini zake za Conway ili zisigande, kwa pesa zao na kwa wikiendi zao. Niliwaza waliozihudumia ndege hizo mara ya kwanza: Waganda, Wakenya na Watanzania wa Embakasi waliozikagua usiku ili asubuhi ziende London. Baba yangu mdogo aliondoka na yote aliyoyajua. Hatukumwandika hata ukurasa mmoja.

Waingereza wanahangaika na bei ya mafuta, spea na bima, lakini wanajua nani alifanya nini kwa kila ribiti. Sisi hatuhitaji pauni milioni 2 kwa mwaka kuanza. Ndugu msomaji, kama kwenu yuko mzee aliyefanya kazi Embakasi kabla ya 1977, nenda ukakae naye wiki hii. Washa simu urekodi. Muulize alifundishwa na nani, aliitunza ndege ipi, na ilikuwaje siku shirika lilipofungwa. Akikutolea daftari zake za kazi, zichukue uzipeleke Makumbusho ya Taifa au chuo kikuu kilicho karibu nawe, na usizichome wala kuzifungia maandazi.